Mama Maria na Kuku wa Mji Mwema

(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu)



Kamati ya Elimu tulipewa nusu saa tuzungumze juu ya maisha ya mke wa kiongozi wa taifa. Tulipokutana kupanga, majina yalitajwa mengi. Wengine walitaka wa majuzi, wanaoonekana kwenye televisheni. Mwisho tukakubaliana tumchukue wa kwanza kabisa, Mama Maria Nyerere, na sababu yetu si kwamba ni wa kwanza. Sababu yetu ni kuku. Mtaona mbele.

Jina lake la kuzaliwa ni Maria Waningu, binti wa Mzee Gabriel Magige. Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1930 kule Baraki, upande wa Tarime wa siku hizo, mkoani Mara. Enzi zile kumpeleka binti shule lilikuwa jambo la kubishaniwa na ukoo mzima, maana binti alihesabiwa kwa ng'ombe atakaowaleta nyumbani. Yeye alisoma kwa masista, akaendelea hadi Chuo cha Ualimu Sumve, huko Mwanza, akatoka mwalimu. Akafundisha shule ya Nyegina, karibu na Musoma. Hilo watu wengi hulisahau. Tunaposema "Mwalimu" fikra zote zinamwendea mzee, lakini nyumba ile ilikuwa na walimu wawili, na wote wawili walishika chaki darasani.

Mzee alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na digrii yake. Ndoa ikafungwa Musoma, Januari 1953. Mwaka huohuo wakahamia Pugu, nje ya Dar es Salaam, mume akifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko. Kutoka Pugu hadi mjini ni kama kilomita 20, na mara nyingi mume alizikata kwa miguu kwenda kwenye mambo ya chama. Julai 1954 TANU ikazaliwa. Mwezi Machi 1955 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York kuitetea Tanganyika. Aliporudi akaambiwa achague, kazi au siasa. Akaacha kazi.

Hapa tunaomba tutulie kidogo, maana vitabu vya historia vinapita haraka sana. Vinasema "akajiuzulu ualimu ili apiganie uhuru", kisha vinaruka ukurasa. Sisi wanawake tunajua maana ya mume kuja nyumbani akasema ameacha kazi. Mshahara umekatika, nyumba ya shule mnatakiwa mtoke, mtoto mmoja yuko mgongoni na mwingine anashika gauni. Chama kilikuwa kichanga, na fedha zake zilikuwa za kukusanya kwenye kofia. Familia ikarudi Musoma, ambako mapadri wa Maryknoll walimpa mume kibarua cha kuwafundisha Kizanaki. Baadaye wakarudi tena Dar es Salaam. Na ni katika miaka hiyo Mama Maria alifungua duka dogo Kariakoo, akiuza mafuta ya taa.

Mafuta ya taa, jamani. Wanachama wenzetu mnaouza mkaa na mafuta mnaijua biashara hiyo. Faida ni ya senti, mikono inanuka mpaka unapokula, na mteja anataka nusu chupa ya mkopo. Lakini mafuta ya taa hayaozi, na hakuna nyumba Kariakoo ya wakati ule iliyolala bila taa. Kwa maoni yetu ule ulikuwa uchaguzi wa mtu anayejua biashara.

Mwaka 1958 mume akashtakiwa kwa maandishi yaliyowasema vibaya maofisa wa serikali ya kikoloni. Hukumu ikawa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Fedha zililipwa, hakwenda jela. Sisi hapa tukitozana faini ya shilingi elfu moja kwa kuchelewa mkutano watu wananuna wiki nzima, basi pimeni wenyewe shilingi 3,000 za wakati ule.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961, na Desemba ya mwaka uliofuata nchi ikawa Jamhuri, mume akawa Rais. Mwalimu wa Nyegina na muuza mafuta ya taa wa Kariakoo sasa ndiye mke wa Rais. Akapokea wageni wakubwa, akasafiri, akapigwa picha. Hayo hatutayakalia, kwa sababu picha zipo na zote zinafanana. Watoto walikuwa wanane, wanaume watano na wanawake watatu. Familia nayo haikukaa sana Ikulu, ikahamia Msasani, kwenye nyumba iliyojengwa kwa mkopo. Mkopo, kama wetu. Na katikati ya shughuli zote hizo Mama Maria akaanzisha mradi wa kuku Mji Mwema, kule Kigamboni.

Sasa tumefika penyewe.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana wakilalamikia masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na wakataja mishahara minono ya wakubwa. Rais akakasirika, akawarudisha makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, pamoja na ya wakubwa wengine serikalini. Watu wakapiga makofi. Sisi kwenye kamati mwenzetu mmoja akauliza swali la kimweka hazina: nani alimwarifu mwenye jiko? Maana mshahara ukipungua kwa asilimia 20, watoto hawapungui hata mmoja.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Wazee wetu hapa mnalikumbuka, vijana mmelisoma shuleni. Kulikuwa na masharti ya viongozi. Kila kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki katika jambo lolote la kibepari. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe na mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Vizuri. Lakini Azimio lilieleza pia nani anahesabiwa kuwa kiongozi, na ndani yake likasema kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mke wake, au mwanamke pamoja na mume wake. Someni tena sehemu ile kwa makini. Hakuna aliyempigia Mama Maria kura. Hakuwa waziri wala mjumbe wa Halmashauri Kuu kwa sababu ya kuolewa. Lakini masharti yalimshika yeye sawasawa na mumewe.

Mwalimu aliuza nyumba yake ya Magomeni. Na Mama Maria akautoa mradi wake wa kuku wa Mji Mwema kwa ushirika wa pale.

Tunakiri kwamba hapo kamati yetu ilipasuka katikati. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Upande mmoja ulisema alifanya vizuri sana, na ndiyo heshima ya nyumba ile mpaka leo. Ungewaambiaje wakubwa wengine waachie maduka na nyumba, huku mayai ya mke wako yanauzwa sokoni? Mtu angesema ni mradi wa Rais umejificha kwenye kanga. Na ni kweli, dada zangu, tumewaona wangapi wanaoandika mali za waume kwa majina ya wake? Sharti lile halikutungwa bure.

Upande wa pili ulisema: sawa, lakini kuku ni kuku. Anayefuga anajua. Umeamka alfajiri kuwapa maji, umenunua pumba, umewachanja kideri, ukipitiwa wiki moja unaokota mizoga banda zima. Jasho la namna hiyo likiondoka kwa siku moja, hata kama limeondoka kwa jambo jema, ni jasho la mtu. Na mtu huyo alikuwa na watoto wanane na mshahara wa nyumba uliokuwa umekatwa miezi minne tu iliyopita. Mama mmoja kwenye kamati, ambaye amefuga kuku kwa miaka kumi na minane, alisema yeye angelia. Halafu akaongeza kwamba angetoa, lakini angelia.

Kwa ajili ya haki lazima tumtaje na mwingine aliyechagua tofauti. Bibi Titi Mohamed ndiye aliyewahamasisha wanawake wa Dar es Salaam kuingia TANU, na ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Yeye alikuwa na nyumba za kupangisha. Azimio lilipotoka alikataa kuziacha, akaona afadhali aache nafasi yake katika Kamati Kuu. Yaliyomfuata baadaye, kesi ya uhaini, kifungo cha maisha, kisha kuachiwa mwaka 1972, ni hadithi nyingine na hatutaki kuichanganya na hii. Tunalotaka lionekane ni kwamba wanawake wawili, wote wapigania uhuru kila mmoja kwa njia yake, waliwekewa sharti lilelile mezani. Mmoja aliachia mali, mwingine aliachia cheo. Kamati yetu haikubali kumwita yeyote kati yao mbinafsi.

Masharti hayo, kama mjuavyo, yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Leo kiongozi anaweza kuwa na kuku, nyumba na hisa, na wengine wanavyo vyote vitatu kwa wingi. Wake wa marais waliofuata nao wakafungua njia yao. Mama Anna Mkapa alianzisha mfuko wa kuwasaidia wajasiriamali mwaka 1997, na Mama Salma Kikwete akaanzisha WAMA mwaka 2006. Baadhi yetu hapa tulipata nafasi ya kuonyesha vikapu vyetu Sabasaba kwa msaada wa namna hiyo, na tunashukuru. Tena Machi 2021 mambo yakageuka kabisa, mwanamke akaapishwa kuwa Rais, na sasa mwenzi wa kiongozi akawa mwanaume. Mtatusamehe kwa kuchungulia, lakini tumeona magazeti hayamsumbui sana mzee yule kuhusu nguo anazovaa.

Turudi kwa Mama Maria. Mwalimu aling'atuka urais Novemba 1985. Wakarudi Butiama. Mume hakukaa kimya, aliitwa huku na huko, mara Tume ya Nchi za Kusini, mara usuluhishi wa Burundi. Mke ndiye aliyekuwa na nyumba ya kijijini, yenye mashamba, wajukuu na wageni wasiokwisha. Alikuwa pia na mama mkwe, Bibi Mgaya, aliyeishi mpaka mwaka 1997. Wenye mama wakwe mnaelewa. Tena huyu alikuwa mama wa Rais na mjane wa Mtemi Burito, mtemi aliyeoa wake ishirini na wawili. Kukaa naye kwa amani miaka yote hiyo sisi tunaihesabu kuwa kazi ya taifa, ingawa haina nishani.

Wapo wanaosema mke wa kiongozi hula matunda tu. Wanawe Mama Maria walikuwamo jeshini wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979. Mumewe ndiye Amiri Jeshi Mkuu aliyetangaza kwamba nia, sababu na uwezo tunao. Mama wa askari anasikiliza redio kwa namna yake. Na mwaka 1995 mwanawe Makongoro akagombea ubunge wa Arusha kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akashinda, huku baba yake akizunguka nchi nzima kumnadi mgombea wa CCM. Fikirieni meza ya chakula ya nyumba hiyo.

Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu akafariki katika hospitali ya St Thomas, London, kwa saratani ya damu. Mama Maria alikuwa naye kule. Kurudi kwake na jeneza tuliona wote, wa kwenye televisheni kwenye televisheni, wa barabarani barabarani. Mazishi yakawa Butiama tarehe 23. Alikuwa na miaka 68, na ndoa ilikuwa imetimiza 46. Baada ya hapo wengi walidhani atajifungia. Badala yake akawa anaonekana kila Juni Namugongo, Uganda, kwenye hija ya mashahidi, akiwaombea wengine na akimwombea mzee, maana Jimbo la Musoma lilikwisha kuanza mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Desemba 2020 akatimiza miaka 90.

Sasa mtauliza, hayo yote yanaingiaje katika sherehe ya kikundi cha kuweka na kukopa?

Yanaingia hivi. Wanachama wa zamani mnakumbuka mwaka wetu wa tatu. Mwenzetu alikopa, akanunua friji la kuuzia maji na juisi. Wadhamini walikuwa wawili, marejesho yalikwenda vizuri miezi mitano. Akaenda msibani kwao wiki mbili. Aliporudi friji halipo. Baba mwenye nyumba alikuwa ameliuza, na alipoulizwa akasema vitu vya ndani ya nyumba ni vya mwenye nyumba. Deni likabaki kwetu. Wadhamini wakalipa kwa hisa zao, na mwaka ule tulipovunja mzunguko gawio lilikuwa dogo mpaka wengine wakatishia kutoka. Yule mwenzetu alimaliza deni lake polepole, shilingi mia tano mia tano, na yupo hapa leo amekaa mbele. Alituruhusu tuliseme bila jina.

Mama Maria alitoa kuku wake kwa ushirika, na nchi nzima ikajua kwamba vimetolewa na ni nani aliyetoa. Friji la mwenzetu halikutolewa. Lilichukuliwa. Hiyo ndiyo tofauti iliyotuumiza kichwa kwenye kamati, na ndiyo iliyotufanya tuache kubishana juu ya Azimio tukaanza kusoma sheria.

Sheria ya Ndoa ilitungwa mwaka 1971, wakati Mwalimu yuko madarakani. Inasema mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanaume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Inasema kuoana peke yake hakubadilishi mwenye mali. Mali iliyo kwa jina la mke inahesabiwa ni ya mke mpaka ithibitishwe vingine. Na nyumba mnayoishi hairuhusiwi kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Hiyo sheria ina miaka zaidi ya hamsini, nasi tulikuwa tunaishi kana kwamba haijaandikwa. Halafu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikaamua kwamba kazi za nyumbani, kupika na kulea, ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe Bi Hawa hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizitumia vibaya. Lakini mlango alioufungua umewapitisha wengi.

Ila mahakamani unaulizwa: karatasi iko wapi? Risiti iliandikwa jina gani? Shahidi nani? Na hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Tulipitia daftari la mikopo la miaka kumi. Karibu kila mkopo umeandikwa "biashara", basi. Hakuna risiti, na kifaa kilichonunuliwa hakikutajwa. Muuza duka akiuliza aandike jina gani, dada anasema andika Baba Fulani, kwa mazoea tu na kwa heshima ya ndoa.

Kwa hiyo Kamati ya Elimu tunaleta pendekezo, na Mwenyekiti ameruhusu lisomwe leo ingawa ni siku ya sherehe. Tunapendekeza katiba yetu iongezwe kipengele kwamba mkopo wowote wa kununua kifaa, mashine au mifugo ulete risiti yenye jina la mwanachama ndani ya siku kumi na nne, nakala ibaki kwenye sanduku. Na mume au mtu mzima mwingine wa nyumba hiyo asaini kwamba amekiona kifaa na anajua ni cha nani. Wapo waliotuambia saini ya mume ni kurudi nyuma, kuomba ruhusa. Tumelisikia hilo, na wenye maoni hayo watapewa nafasi wayaseme. Sisi tunaona si ruhusa, ni ushahidi. Hata Mama Maria, kuku wake walipokwenda, hakuna aliyeuliza walikuwa wa nani.

Ndugu Mwenyekiti, muda wetu umekwisha na tunasikia harufu ya pilau. Kina baba kule nyuma tunawaomba msikimbie, kura ni ya wanachama lakini masikio ni ya wote. Katibu atasoma kipengele neno kwa neno. Karatasi za kura ziko mezani kwa Mweka Hazina, na ambao vitabu vyao vya hisa havijagongwa muhuri wa mwezi huu wapite hapo kwanza kabla hawajapewa karatasi.